Ukuta Mara Tatu kwa Siku, Baada ya Kula

Jina langu limeandikwa mara kumi na moja kwenye ukuta wa nyumba ya Sista, pale Koboko, upande unaopigwa na jua la asubuhi. La kwanza liko usawa wa kifua changu, la mwisho liko juu ya kichwa. Kati ya majina hayo kuna miezi mitano ambayo nisingependa kuirudia. Lakini nikiulizwa nani aliniwezesha kuinua tena mkono, siwezi kutaja daktari wala dawa. Nitataja ukuta, na mwanamke aliyekuwa akikaa kwenye kigoda karibu nao akinitukana.

Wote tulimwita Sista. Hakuwa mtawa, alikuwa nesi, na sehemu kubwa ya kazi yake aliifanya Arua, katika chumba cha mazoezi cha hospitali moja. Kwa maelezo yake, chumba hicho kilikuwa na kitanda kimoja, kamba moja, na wagonjwa waliodhani wameletwa pale kuadhibiwa. Alipostaafu alirudi Koboko akamalizia nyumba yake. Ilikuwa ya matofali ya kuchoma, na saruji ilitosha kuta tatu tu. Ukuta wa nne, ule wa jua la asubuhi, aliukandika kwa udongo na majivu, akasema ataupaka saruji baadaye. Hiyo baadaye haijafika mpaka leo.

Aliipenda nyumba ile kupita kiasi, na alipenda kukaa ndani yake peke yake. Binti yake ana kazi ya ofisini Kampala, na kila Krismasi alikuja na gari lenye nafasi ya mtu mmoja zaidi na mizigo yake. Alisema mama amezeeka, mama aje mjini, kuna chumba, kuna choo cha ndani. Sista alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamjibu mbele yetu majirani.

“Siku mimi nashindwa kuvaa nguo yangu mwenyewe, kuja chukua mimi. Mbele ya hiyo siku, hapana.”

Sisi tulicheka. Binti hakucheka, alilihifadhi neno hilo.

Alikuwa mfupi, mkavu, na hakuwahi kuacha kuvaa mkanda wake wa kazi, ule mpana wa kuvutika wenye kifungo cha chuma, hata juu ya gauni la kitenge. Watu wa sukari aliwakataza sukari, huku akikoroga vijiko vinne katika chai yake mbele ya macho yao. Ukimtazama kikombe, aliuliza kama chai hiyo ni yako. Vidonge alivisema vibaya kila siku na alikuwa navyo vya kila rangi ndani ya bati la maziwa, ambalo alitembea nalo kwenye mkono wa kulia kama wanawake wengine wanavyotembea na pochi. Kwa sababu ya bati hilo alikusalimu kwa mkono wa kushoto. Kwetu jambo hilo ni utovu wa adabu, na mtu mwingine angeambiwa. Sista hakuambiwa. Tulidhani ndivyo walivyo manesi, mkono wa kulia ni wa dawa.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya ubao. Nilikuwa nafundisha hesabu darasa la saba, na bega langu la kulia liliganda. Sikuanguka, sikupigwa, sikubeba mzigo. Lilianza kuuma nikililalia, kisha nikivaa shati, kisha nikifikia mfuko wa nyuma, mpaka asubuhi moja mkono ukakataa kupita kifua. Maandishi yangu yakaanza kushuka ubaoni wiki baada ya wiki, na wanafunzi wa nyuma wakawa wanasimama ili waone. Mwalimu mkuu alichungulia dirishani akaniuliza kama nimehamia chekechea. Msikitini, wakati wa kuinua mikono, wa kushoto ulifika sikioni na wa kulia ulibaki njiani, na mzee aliyesimama karibu yangu akataka kujua nimejiunga na watu gani. Mke wangu alinivalisha shati kila siku, na kila siku alinikumbusha kwamba mkono huo huo, chakula kikiwekwa, haulalamiki.

Kabla ya kwenda kwa mtu anayejua, nilipita kwanza kwa wasiojua wote. Nilichomwa sindano tatu katika kliniki ya karibu na stendi. Nilipakwa mafuta yenye harufu iliyowafukuza wageni. Kuna fundi mmoja wa sokoni aliyenivuta mkono kwa nguvu zake zote, akasikia kitu kimelia ndani, akafurahi sana. Mimi nililia kuliko hicho kitu. Ndipo mke wangu aliponishika mkono ule mzima na kunipeleka kwa Sista.

Alinisimamisha uani, akaenda nyuma yangu.

“Inua mukono.”

Nikainua.

“Hiyo ni bega. Mimi nasema mukono.”

Akanieleza kwa mara ya kwanza kanuni yake, ambayo baadaye niliisikia mara mia: mtu mzima anainua mkono na bega linafuata, mgonjwa anainua bega ili limsaidie mkono. “Bega ikipanda mbele ya mukono, hiyo bega iko mgonjwa. Hata mutu akisema hapana uma, bega yake nasema.” Akaniuliza kama nilianguka, kama nina homa, kama kifua kinabana, kama vidole vina ganzi. Waliojibu ndiyo kwa maswali hayo hakuwagusa, aliwatuma Arua siku hiyo hiyo, na waliobisha aliwaitia bodaboda mwenyewe. Mwisho akauliza kama nina sukari. Nikasema sijui.

“Kwenda pima. Sukari nakula bega.”

Nilipima, nikawa nayo. Nilirudi nimekasirika, maana nilikuwa nimepeleka kwake ugonjwa mmoja na sasa nina miwili.

Matibabu yenyewe yalinivunja moyo kwa urahisi wake. Kwanza uiname, mkono usiouma ushike meza, unaouma uning'inie na kuzungushwa taratibu bila bega kushiriki. Kisha kipande cha kitenge mgongoni, mkono wa juu uvute wa chini. Kisha ukuta. Unasimama ukiutazama, unaweka vidole, unavitembeza kwenda juu kama kunguni, unafika mwisho, unakaa hapo ukihesabu mpaka thelathini, unashuka kwa vidole vile vile. Hapo ulipofika, Sista aliweka mstari kwa penseli ya seremala na kuandika jina lako.

“Ukuta mara tatu kwa siku, baada ya kula.”

Nikauliza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, chakula kinahusiana nini na bega.

“Hapana husiana. Wewe nasahau ukuta. Chakula hapana sahau.”

Na kuhusu maumivu alikuwa na sheria moja tu. Ikiuma kidogo, endelea. Ikiuma mpaka unamwita mama yako, shuka. Wanaume, alisema, hawajui tofauti, ama wanashuka kabla ya kuuma ama wanapanda mpaka wanazimia ili watu waone. Mimi nilikuwa wa aina ya kwanza. Aliliona hilo siku ya pili akanitangazia mbele ya mama watatu wa Lurujo, ambao walikuwa wamepanda juu kuliko mimi.

Wagonjwa wake hakuwangoja nyumbani. Aliwafuata misibani. Alihudhuria kila msiba wa Koboko, wa kanisa hili na wa lile, wa Waislamu wa mjini na wa wakulima wa Kuluba, na waliohamia karibuni walidhani ana ndugu wengi au anapenda wali. Hakukaa na waombolezaji. Alikaa nyuma ya jiko la nje, pale wanawake wanaposonga ugali wa muhogo na mtama katika sufuria kubwa, wawili wawili, kila mmoja na mwiko mrefu kama mchi. Ugali ule ni mzito, na msiba una watu. Sista alitazama migongo. Kabla jeneza halijatoka alikuwa ameshajua nani analala ubavu mmoja, nani anasukuma kwa kiuno kwa sababu bega limekataa, nani anamwachia mwenzake kazi huku akizungusha mwiko wake kwa heshima tu.

Tatizo ni kwamba kwa wanawake wale kuachia mwiko ni aibu. Mwanamke anayeketi wakati wenzake wanasonga atasemwa mpaka msiba mwingine. Kwa hiyo Sista hakumwambia mtu yeyote pale pale. Alimsogelea wakati wa kuosha vyombo, akamnong'oneza kama anampa habari ya mapenzi: “Wewe, ya kushoto. Kuja kesho.” Na mwanamke yule alikuja, akiwa amestaajabu sana, maana mumewe aliyelala naye kitanda kimoja hakuwa amejua.

Basi watu walipona. Hilo lilileta matatizo yake.

Kwetu hapa mtu akipona hutafuta kilichomponya, na hakuna aliyekuwa tayari kuamini kwamba kilichomponya ni kutembeza vidole. Kila nyumba ina ukuta. Kama ukuta unatibu, mbona tumeishi ndani ya kuta tangu zamani na mabega yanauma? Ilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye akili kwamba kuna kitu katika ukuta wa Sista. Mzee mmoja wa Kuluba alipanda bodaboda kila siku kuja kupanda ukuta ule, akashuka, akapanda bodaboda kurudi kwake, ambako alikuwa na nyumba mbili na ghala. Na kwa kuwa ukuta ule ulikuwa wa udongo, haukuchukua muda kabla ya watu kuanza kuukwangua.

Walikwangua kwa kucha, kwa kijiko, kwa ufunguo wa baiskeli. Udongo ulifungwa katika pembe ya khanga, ukaenda nyumbani, ukalowekwa, ukapakwa begani. Na kwa sababu kila mtu aliona kwamba majina ya juu ni ya waliopona, udongo bora ulikuwa wa juu. Wagonjwa wasioweza kufika huko walituma ndugu zao wazima, au walikwangua pale chini walipofika na kujiliwaza kwamba wamepata nusu dozi. Jina langu la sita lilipotea kwa njia hiyo. Shimo likatokea karibu na dirisha, kubwa kiasi cha kuingiza ngumi.

Nilikuwepo siku Sista alipomkamata mama mmoja mzee wa Midia, kijiko mkononi, khanga imejaa.

“Mama, hiyo ni nini?”

“Dawa, Sista.”

“Hiyo ni nyumba yangu.”

“Ndiyo, Sista. Iko dawa muzuri sana. Dada yangu amepona.”

“Dada yako alipanda ukuta!”

“Ndiyo,” yule mama akakubali kwa upole, “alipanda, akachukua ya juu.”

Miaka yote ya chumba cha mazoezi ilipita usoni pa Sista, kamba, kitanda, na wagonjwa waliodai sindano. Aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kuchukua fimbo. Alitoka na beseni, akamimina ndani yake udongo wote wa ile khanga, akaongeza majivu na maji, akauponda kwa mguu.

“Mama, nani amesema wewe napaka kwa bega? Hiyo dawa hapana ya bega. Hiyo dawa ya nyumba. Nafika kwako, napaka kwa ukuta yako, karibu na mulango. Na mukono yenye nauma, hapana nyingine. Leo kidogo, kesho juu kidogo, mpaka inafika kwa majani ya paa. Ukipaka na mukono muzima, dawa nakufa.”

Yule mama alirudia maagizo yote neno kwa neno ili asikosee, akashukuru, akaondoka na beseni kichwani. Sista akanigeukia.

“Mwalimu, wewe hapana sikia kitu.”

Tangu siku hiyo aliweka rundo la udongo mwekundu nyuma ya nyumba, alioletewa kwa mkokoteni kutoka bondeni, udongo ambao haukuwahi kugusa ukuta wake. Aliugawa kwa uso wa hasira, maana aligundua kwamba dawa ikitolewa kwa hasira inaaminiwa zaidi. Ukienda Midia leo utaona nyumba zenye kiraka cha udongo mbichi kando ya mlango, kimeanza chini kwa wasiwasi na kumalizika juu vizuri. Udongo huo ulishindwa kwa mtu mmoja tu, bwana mmoja wa Lurujo aliyempa mkewe kazi ya kupaka. Alirudi akilalamika kwamba bega lake liko vile vile, na mkewe, ambaye hakuwa anaumwa, sasa anafika mpaka darini.

Mimi, kwa kuwa ni mtu wa hesabu, niliwacheka wote hao. Imani yangu nilikuwa nimeiweka katika mistari. Wiki ya kwanza nilipanda upana wa vidole vinne, na sitaficha kwamba nilijivuna. Niliwaonyesha mke wangu na walimu wenzangu vidole hivyo vinne, nikafanya mazoezi mara tano kwa siku badala ya tatu. Siku niliyoandikwa jina la kumi na moja, juu ya kichwa, nikiwa nimeshaanza tena kuandika ubaoni kuanzia ukingo wa juu, nilimwambia Sista kwamba siri yangu ilikuwa ile wiki ya kwanza. Kama nisingepanda vile, ningekata tamaa.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini.

“Mwalimu, wiki ya kwanza wewe hapana panda.”

“Nilipanda vidole vinne. Mstari upo.”

“Musitari ya kwanza mimi naweka chini. Kila mutu, mimi naweka chini kidogo. Wewe siku ile ulikuwa unalia, hapana angalia. Akirudi, hata kama hapana fanya kitu, anaona amepanda. Akiona amepanda, anaanza kufanya kweli.”

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nilikuwa nimewacheka watu wa udongo miezi mizima, kumbe na mimi nilikuwa na beseni langu. Ilinichukua siku kadhaa kukubali kwamba bega lilikuwa limepona hata hivyo.

Jambo la mkono wake wa kulia nililigundua kwa kuchelewa, na nalisema kwa aibu. Miaka yote alituonyesha mazoezi kwa mkono wa kushoto. Alishika penseli kwa kushoto, alikoroga chai kwa kushoto. Ukimwomba apande ukuta yeye mwenyewe tuone, alisema mwalimu hafanyi mtihani. Mwaka jana, msibani Lurujo, mwenye msiba alimpa mwiko asonge kidogo kwa heshima yake, naye akasema amekuja kutazama, si kupika. Watu wakacheka. Kisha akataka kikombe kilichokuwa juu ya rafu ya miti, akasahau kwamba bati liko chini, si mkononi, akanyoosha mkono wa kulia. Mimi nilikuwa nyuma yake. Bega lilipanda mpaka karibu na sikio, na mkono ulikuwa bado haujaanza safari.

Nilijua ninachokiona, maana yeye ndiye aliyenifundisha kukiona. Nilipaswa kusubiri wakati wa kuosha vyombo, nimnong'oneze kwamba aje kesho. Sikuweza. Nilimpa kikombe, akakipokea kwa kushoto, tukazungumza habari za mvua.

Mwezi wa pili mwaka huu nilisikia kwamba binti amepiga simu, atakuja Pasaka na gari, na safari hii hatauliza. Jirani alikuwa amemwambia ukweli: kila asubuhi anaitwa kumvalisha Sista gauni. Nilikwenda Jumapili, wakati Wakristo wako kanisani na uani hakuna mtu. Nilimkuta kwenye kigoda, sweta limetupwa mabegani, mkanda wa kazi umefungwa juu ya sweta. Bati lilikuwa mapajani. Kwa mara ya kwanza hakunitukana.

“Mwalimu, ile kliniki ya stendi bado nachoma sindano?”

“Bado.”

“Kwenda ita ule kijana. Moja tu. Ya bega.”

Nilidhani ananitania. Nilipoona hatanii, Mungu anisamehe, nilitaka kucheka.

“Sista, ukuta mara tatu kwa siku, baada ya kula.”

“Mimi najua hiyo ukuta. Hiyo ni ukuta tu.”

“Wewe ndiye uliyetuambia...”

“Niliambia nyinyi. Nyinyi iko wagonjwa.” Akavuta sweta. “Mimi iko muzee. Hii ni umri. Na baridi. Na mimi hapana na nafasi, watu nakuja asubuhi mpaka jioni.”

Aliyasema yote, moja baada ya jingine, yale yale tuliyomwambia sisi, na aliyajua vizuri kwa sababu alikuwa ameyajibu maisha yake yote. Alipomaliza visingizio alitazama ukuta, majina yetu, lile shimo la dirishani, halafu akasema kwa sauti ya chini jambo lililokuwa la kweli.

“Miaka sita, mwalimu. Ilianza kama yako. Mimi nasema kesho, kesho. Halafu watu wamekuwa wengi. Sasa mama wa Midia akiona Sista iko chini kabisa ya ukuta, yeye nafikiri nini?”

“Leo Jumapili,” nikasema. “Mama wa Midia yuko kanisani.”

Sista akaweka bati chini, akainuka, akasimama mbele ya ukuta wake mwenyewe. Aliweka vidole. Vilipanda kama vidole vya mtu anayepapasa gizani, na bega likakimbilia juu. “Shusha bega, Sista,” nikasema, na akanitazama kwa jicho ambalo lingewafukuza wengine. Alilishusha. Vidole vikasogea kidogo tena. Jasho lilimtoka. Alisimama hapo akihesabu, na alipofika kumi na tatu alimwita mama yake, ambaye hakuna kati yetu aliyewahi kumjua.

“Shuka,” nikasema.

Alishuka, akageuka kushika kigoda. Nikachukua penseli. Nilitazama pale vidole vyake vilipokuwa, nikaweka mstari vidole viwili chini yake, nikaandika: Sista. Alipogeuka alitazama mstari, akanitazama mimi. Nilijifanya napuliza vumbi.

“Kuja Jumapili,” akasema.

Jumapili iliyofuata alipanda. Alifika, akahesabu mpaka ishirini, akashuka mwenyewe, akasogea kupima kwa vidole vya mkono wa kushoto, akivibana mmoja juu ya mwingine kutoka kwenye mstari.

“Tatu,” akasema.

“Tatu, Sista.”

Viwili vilikuwa vyangu. Kimoja kilikuwa chake, na tulikitazama wote wawili. Kisha akaingia ndani kuweka chai, maana alikuwa bado hajala.

Jumamosi ya Pasaka binti alifika. Nilimkuta sebuleni na yule jirani, begi tupu la mama liko wazi sakafuni. Sista alikuwa chumbani. Jirani aliinuka kwenda kumsaidia, na sauti ikatoka ndani ikamwambia akae. Tulikaa. Tulisikia kitanda kikilia, kikanyamaza, kikalia tena. Binti alitazama saa, akatazama mlango, akafunika macho kwa kiganja. Mimi nilikuwa nahesabu kimoyomoyo, na nilikuwa nimepita mia nne.

Alitoka amevaa gauni la kitenge la sikukuu na mkanda wake. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mkono wa nguo. Kifungo kimoja kilikuwa kimepitwa, na kwa hiyo kola ilikaa upande.

“Umependeza, mama,” binti akasema, na machozi yakamtoka.

“Hapana danganya mimi. Kifungo moja iko nje, mimi naona. Lakini nimevaa mwenyewe.” Akalifunga lile begi tupu kwa mguu. “Sasa kula. Baada ya kula wewe narudi Kampala.”

Kisha akanijia kunisalimu. Bati lilikuwa limebaki chumbani. Alinyoosha mkono wa kulia, ukafika chini kidogo ya kiuno, ukasimama hapo. Niliinama, nikaupokea pale ulipofika.